Ufa kwenye kinyago cha mpingo: pima kwanza, ziba baadaye

Kinyago kilichokaa miaka miwili mezani Dar es Salaam bila tatizo kinaweza kupasuka ndani ya wiki chache kikihamishiwa Dodoma, ofisi yenye kiyoyozi, au sebule ya London wakati wa baridi hita zikiwaka. Hakuna aliyekiangusha. Kimekauka tu.

Mbao hunywa na kutoa unyevu kufuatana na hewa. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80 huiacha na maji takriban asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Hewa ya asilimia 40 huyashusha hadi karibu 8. Maji yakitoka, mbao husinyaa, ila haisinyai sawasawa. Kuzunguka gogo husinyaa mara nyingi karibu maradufu ya inavyosinyaa kuelekea kiini, na kwa urefu haibadiliki kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana kinyago kilichochongwa kwenye gogo zima, kiini kikiwa ndani, huachia kwa mstari unaokimbilia katikati. Mpingo ni mzito hata huzama majini, na hukauka polepole mno: ganda limekauka, tumboni bado mbichi.

Kwa ukuta, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mbao, ukiziba mapema utaupata mwingine pembeni.

Kwa hiyo anza na mizani ya jikoni. Pima kinyago mara moja kwa wiki, siku ileile, na uandike. Weka pia alama ya penseli pale ufa unapoishia. Kinyago cha kilo 2 kinachopoteza gramu 5 kila wiki bado kinatembea, usikiguse. Kifunge ndani ya magazeti matatu manne, kiweke mbali na dirisha, jua na kiyoyozi. Uzito ukitulia wiki nne mfululizo na ufa haujavuka alama, kazi inaweza kuanza.

Ufa wa unywele, usiopitisha hata kucha, hutosha supaglu nyepesi. Sugua kipande kingine cha mpingo kwenye msasa upate unga, ushindilie ndani ya ufa, kisha dondosha gundi tone moja moja. Usifute kwa kitambaa cha pamba: supaglu ikikutana na pamba hupata joto kali na kutoa moshi unaochoma macho.

Ufa wa milimita 1 hadi 3 unahitaji epoksi, ile gundi ya mirija miwili, na hapa ndipo wengi huharibu. Mpingo una mafuta yake ya asili, na gundi haishiki juu ya mafuta. Pitisha mswaki uliochovywa asetoni, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, ndani ya ufa, acha dakika kumi, kisha ujaze siku hiyohiyo, kabla mafuta hayajarudi juu. Bandika tepu ya karatasi pande zote mbili za ufa ili gundi isichafue nakshi. Changanya mirija kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, bila kukisia, maana ukizidisha kigumishi mchanganyiko utabaki kunata mwezi mzima. Koroga dakika nzima, ndipo uongeze unga wa mpingo hadi uwe kama uji mzito. Sukuma kwa kijiti cha meno kutoka chini kwenda juu ili hewa itoke, na uache umevimba kidogo juu ya uso wa mbao. Subiri saa 24. Kwangua kwa wembe, si kwa msasa, mpaka ubakie unene wa karatasi. Kisha msasa namba 240, 400 na 600, ukifuata nyuzi.

Zaidi ya milimita 3, epoksi tupu huonekana kama kidonda. Omba vipande vya mpingo kwa wachongaji, pale Mwenge, Dar es Salaam, havikosekani, uchonge kabari nyembamba yenye nyuzi zinazoelekea kulekule. Iingie kwa kusukumwa na kidole. Nyundo itarefusha ufa. Paka gundi upande mmoja tu wa kabari. Mbao itaendelea kupumua msimu kwa msimu, na upande usio na gundi ndio utakaopokea mchezo huo.

Klampu, yaani vibano vya seremala, naziogopa kwenye vinyago. Ukiulazimisha ufa ufunge, nguvu haipotei, hupasua mgongoni. Gundi nyeupe ya mbao nayo haijazi pengo, na huacha mstari mweupe juu ya weusi. Mafuta ya kula hayazibi kitu, huoza na kunuka.

Fanya kazi yote nje, ukivaa barakoa na mikono mirefu, kwani vumbi la mpingo huwasha ngozi na pua. Kwaruza kidogo chini ya kitako kabla ya yote: pakiwa peupe, mara nyingi umeuziwa mbao nyingine iliyopakwa rangi ya viatu, na asetoni itaondoka nayo.

Maliza kwa nta nyembamba, ukisugua kwa kitambaa mpaka ing'ae. Kitakoni paka mara mbili, maana huko nyuzi zimekatwa na unyevu hutoka haraka kuliko ubavuni.