Zege ndani ya kompyuta: ufa huhesabiwaje?

Zege likigandamizwa huhimili mzigo mkubwa. Likivutwa, uwezo wake hushuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana nondo kuu za boriti iliyokaa juu ya nguzo mbili hulazwa chini, upande unaovutika mzigo ukishapanda.

Sisi tunaohesabu zege kwa kompyuta huligawa jengo katika vipande vidogo vilivyoungana kama wavu, kisha programu hutafuta kila kipande kinabeba nguvu kiasi gani. Kazi huwa ngumu ufa unapoanza, kwa sababu zege halikatiki mara moja kama kioo. Kokoto bado hushikilia pande mbili za ufa, zikiachiana polepole kadiri unavyopanuka. Mwaka 1976 Arne Hillerborg na wenzake, huko Lund, Sweden, walionyesha jinsi ya kuuingiza mshikamano huo katika hesabu, kwa kutumia nishati inayohitajika kufungua kila mita ya mraba ya ufa. Nishati hiyo ikiachwa, ufa hujikusanya kwenye safu moja ya vipande, na kila ukivipunguza ukubwa, zege la kwenye skrini huvunjika kirahisi zaidi. Zege la kweli haliujui wavu wetu.

Gharama ya wavu mbaya ilionekana tarehe 23 Agosti 1991. Kitako cha zege cha jukwaa la gesi la Sleipner A kilizama karibu na Stavanger, Norway, kikiwa katika majaribio majini. Pale kuta za vyumba vyake zilipokutana, vipande vilichorwa vikiwa vimepinda mno, na hesabu ikaonyesha nguvu za kukata, zile zinazotelezesha upande mmoja wa ukuta dhidi ya mwingine, pungufu kwa asilimia 47. Ukuta ukapasuka, maji yakaingia kuliko pampu zilivyoweza kuyatoa. Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Hesabu makini iliyofanywa baadaye ilitabiri ukuta kupasuka katika kina cha mita 62. Ulikuwa umepasuka mita 65.

Kwa hiyo ukiletewa picha ya hesabu ya jengo lako, ambapo rangi kama nyekundu na bluu huonyesha ukubwa wa nguvu, muulize mhandisi: ukubwa wa vipande ulipopunguzwa nusu, jibu lilibadilika kiasi gani? Na uwezo wa zege kuhimili kuvutwa, ulipimwa au ulikisiwa? Mara nyingi hukisiwa kutokana na michemraba iliyogandamizwa hadi kuvunjika ikiwa na siku 28, na mimi hapo ndipo ninapoanza kukagua.