"Tumewatambua" au tunaelewana nao tu?

Juzi kijiweni Ujiji, redio inaongea, mzee mmoja kaweka kikombe chini, akasema: "Sahara Magharibi tulishawaachia Moroko. Mfalme wao si katujengea msikiti pale Kinondoni? Tumewatambua." Kijiwe kizima kikaafiki. Sijui ni mara ya ngapi nalisikia hili. (Sahara Magharibi ni eneo ambalo Moroko inasema ni lake, na wenyeji wake, Wasahrawi, wanasema ni nchi yao.)

Kutambua, kwa lugha ya mambo ya nje, ni serikali kutamka kwamba eneo fulani ni nchi, au ni mali halali ya nchi fulani. Basi.

Kinachotuchanganya ni neno lenyewe, lina kazi nyingi mno. Gizani unamtambua mtu kwa sauti: hapo umemjua tu. Harusini MC "anatambua uwepo" wa diwani: hiyo ni heshima, hata kama diwani hakuchangia soda moja. Halafu kuna ndugu yao, kitambulisho, na hapo mtu wa Kigoma haelezwi sana, maana ukizaliwa mpakani iko siku utaulizwa kwenu wapi. Mimi nimeshinda kwenye benchi la ofisi moja, vyeti vya babu vimo kwenye bahasha ya kaki, karani ananiita kwa jina kabisa. Najulikana, naonekana, ila sijatambuliwa. Kutambua huku kwa mhuri ndiko kwa wanadiplomasia.

Mhuri huo haugongwi na zawadi. Tanzania iliitambua jamhuri ya Wasahrawi mwaka 1978, miaka miwili baada ya Polisario, chama chao cha ukombozi, kuitangaza. Mfalme Mohammed VI alipokuja Dar es Salaam Oktoba 2016, mikataba ilisainiwa, lakini utambuzi ule haukufutwa. Kuuziana mahindi na mtu si kumwandikia hati ya shamba analogombea na jirani yake. Mmoja wa walioiandika hati hiyo ni Marekani, Desemba 2020, ikatamka kuwa eneo lile ni la Moroko. Hata hivyo Umoja wa Mataifa umeliacha palepale kwenye orodha ya maeneo yasiyojitawala, lilimo tangu 1963. Mhuri wa mmoja haumfungi mwingine. (Wala haumlindi aliyegongewa: Biafra, iliyojitenga na Nigeria, tuliitambua 1968, Januari 1970 ikasalimu amri.)

Kwa hiyo, mzee wangu, ukisema tunaelewana na Moroko, sikupingi. Hilo la "tumewatambua" liweke kwanza, mpaka redio hiyohiyo isome tamko la wizara.