Kugawanyika kwa 4 na kwa 6 si kugawanyika kwa 24

Wanafunzi wengi, Mtwara hadi Lindi, wanaamini namba ikigawanyika kwa 4 na kwa 6, basi kwa 24 haina shida. Si kweli.

Chukua magunia 348 ya korosho ghalani Masasi. Tarakimu mbili za mwisho, 48, zinagawanyika kwa 4. Namba ni shufwa, na 3+4+8=15 inagawanyika kwa 3, kwa hiyo 6 nayo imekubali. Sasa yapange mafungu ya 24: yanatoka 14, yanabaki magunia 12.

Tatizo ni kigawo cha shirika. 4 ni 2×2, 6 ni 2×3. Ile 2 wanayochangia, ukizidisha 4×6, umeihesabu mara mbili. KDS yao (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili) ni 12 tu. Ndiyo maana katika 12, 24, 36, 48, 60, 72, kila ya pili pekee ndiyo inayokubali 24.

Pima kwa 3 na 8, ambazo hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1. Kwa 8 angalia tarakimu tatu za mwisho, maana 1000 ni 8×125. 348 inakwama hapo; 360 inapita: 360÷8=45, na 3+6+0=9.