Fidia ya Saratani ya Asbesto: Dhana Potofu Zinazowapotezea Wagonjwa Haki Yao

"Kazi ile niliiacha zamani sana, muda wa kudai umeshapita." Kauli hii, au nyingine inayofanana nayo, ndiyo ninayoisikia mara nyingi kuliko zote kutoka kwa wagonjwa wa mesotelioma, yaani saratani ya utando unaofunika mapafu au tumbo, inayoletwa hasa na vumbi la asbesto (madini ya nyuzi yaliyotumiwa kuzuia joto na moto), na kutoka kwa jamaa zao, na ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu anayeitamka huwa bado ana haki yake mkononi siku hiyo, kisha huipoteza kwa kukaa nyumbani akiamini kwamba alikwisha kuipoteza.

Ukweli ni kwamba katika nchi nyingi ambazo sheria zake zimeushughulikia ugonjwa huu, muda wa ukomo, yaani muda ambao ukipita mtu hawezi tena kudai, hauhesabiwi tangu siku mfanyakazi alipovuta vumbi la asbesto, bali tangu siku alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba anaugua na kwamba ugonjwa wake umetokana na asbesto. Sababu yake imo ndani ya ugonjwa wenyewe. Mesotelioma kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 50, kwa hiyo sheria inayoanza kuhesabu tangu siku ya vumbi humfungia mtu mlango wa mahakama kabla hajaugua. Uswisi ilikuwa na sheria ya namna hiyo, iliyozima madai miaka 10 baada ya mtu kuacha kukutana na asbesto, hata kama ugonjwa ulikuwa haujaonekana, na mwaka 2014 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba kuwakatalia wagonjwa kwa hesabu hiyo kulivunja haki yao ya kufika mahakamani.

Kwa hiyo miaka 40 anayoihofia mgonjwa mara nyingi haina uzito wowote, ilhali miezi anayoipuuza baada ya kupewa majibu ya hospitali ndiyo inayomwangusha. Uingereza humpa mgonjwa miaka 3 tangu alipojua. California, nchini Marekani, hutoa mwaka 1 tu, unaoanza pale ugonjwa ulipomzuia kufanya kazi na akajua, au akapaswa kujua, chanzo chake. Mwaka 1 ni nini kwa mtu anayetobolewa kifua kutolewa maji, anayengoja matibabu ya kemikali, na ambaye familia yake yote imo katika mshtuko? Nawaelewa wanaosema, "Tumalize matibabu kwanza, mambo ya mahakama yatafuata." Hata hivyo nawasihi wasifanye hivyo, kwa kuwa tarehe iliyoandikwa juu ya ripoti ya patholojia, yaani majibu ya uchunguzi wa nyama ya mgonjwa, haimsubiri mtu apone. Wala mtu aliyewahi kuambiwa miaka ya nyuma kwamba ana makovu ya asbesto mapafuni asidhani kwamba saratani iliyogunduliwa sasa imekwisha kupitwa na wakati pamoja na makovu hayo. Katika majimbo mengi ya Marekani, kwa mfano, saratani huhesabiwa kuwa ugonjwa mwingine, wenye muda wake wa kudai.

Ushauri ninaoutoa kabla ya mwingine wowote, hata kabla ya mgonjwa kuchagua wakili, ni kuandika historia ya kazi katika daftari wakati pumzi bado ipo. "Nilikuwa fundi wa mabomba" ni maelezo yasiyomfaa mtu mahakamani. Andika kila mahali ulipofanya kazi, mwaka ulioanza na ulioacha, msimamizi wako alikuwa nani, na mikono yako ilishika nini hasa: poda ya kufunikia boila ilitoka katika gunia la rangi gani na lenye maandishi gani, nani aliichanganya na maji ndani ya ndoo, bati zilikatwa kwa msumeno wa mkono au wa umeme, na nani alifagia vumbi jioni, kwa ufagio mkavu au baada ya kunyunyiza maji. Jina la bidhaa lililochapwa ubavuni mwa gunia linaweza kuamua ni nani atakayedaiwa. Ongeza majina ya wenzako walio hai, hati za mishahara, kumbukumbu za michango ya pensheni na picha za kazini, zile ambazo mashine au mabomba yanaonekana nyuma ya watu. Mahakama nyingi hukubali ushahidi wa mgonjwa mahututi urekodiwe mapema, na aliyekwisha kuandika daftari lake huutoa kwa utulivu, bila kuhangaika kutafuta tarehe huku akikohoa.

Dhana ya pili ni kwamba kampuni ikifa, deni lake limekufa nayo. Johns-Manville, iliyokuwa kampuni kubwa ya asbesto nchini Marekani, iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi mwaka 1982, na mfuko wa kuwalipa wagonjwa wake ukaanzishwa mwaka 1988. Mwaka 1994 Bunge la Marekani liliuingiza utaratibu huo katika sheria ya ufilisi, na mifuko mingine kadhaa ya namna hiyo imeundwa tangu wakati huo. Uingereza huanza kwa kuitafuta kampuni ya bima ya mwajiri wa zamani, na tangu 2014 upo mpango wa kuwalipa wagonjwa wa mesotelioma ambao mwajiri wao na bima yake hawapatikani. Ufaransa ina mfuko wa taifa uitwao FIVA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2000, ambao haumtaki mgonjwa athibitishe kosa la mtu yeyote. Afrika Kusini ina Asbestos Relief Trust, iliyoanzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya watu walioathiriwa na migodi fulani. Kabla ya kusema kwamba hakuna wa kudaiwa, mwulize mtu anayeijua mifuko hii.

Wapo wanaosema kwamba waajiri walikuwa wengi na haiwezekani kujua ni vumbi la nani lililoleta saratani. Ni kweli, sayansi haiwezi kusema uzi wa asbesto uliosababisha ugonjwa ulitoka kwa mwajiri yupi, na ndiyo maana mwaka 2002, katika shauri la Fairchild, Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa nchini Uingereza wakati huo, liliamua kwamba katika mesotelioma inatosha kuthibitisha kuwa mwajiri husika aliongeza hatari kwa kiasi cha maana.

"Mimi sikuwahi kushika asbesto" ni kauli ya wanawake waliokung'uta na kufua ovaroli za waume zao kwa miaka mingi. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake walieleza habari za wagonjwa 33 wa mesotelioma kutoka Afrika Kusini, na wengi wao hawakuwa wachimbaji, bali watu walioishi karibu na migodi ya asbesto ya bluu, mojawapo ya aina za asbesto, baadhi yao tangu utotoni. Mahakama hazikubaliani zote kuhusu wajibu wa mwajiri kwa familia ya mfanyakazi, kwa hiyo suala hili lataka wakili aliyelizoea, lakini si sababu ya kujikatalia mwenyewe.

Kuhusu sigara nitasema machache. Sigara haisababishi mesotelioma. Katika saratani ya mapafu, sigara na asbesto huzidishiana hatari, na huenda fidia ya mvutaji ikapunguzwa, ila dai lake halifutiki kwa sababu hiyo peke yake.

Mwisho ni imani kwamba mgonjwa akifariki, dai huzikwa naye. Katika nchi nyingi msimamizi wa mirathi anaweza kuliendeleza shauri au kulifungua, na wategemezi huwa na dai lao wenyewe. Nchini Uingereza, mgonjwa akifariki kabla muda wake haujaisha, miaka 3 huhesabiwa upya tangu kifo, au tangu msimamizi alipojua chanzo cha ugonjwa. Familia ihakikishe kwamba cheti cha kifo kinautaja ugonjwa kwa jina lake, na iiombe hospitali kwa maandishi isitupe sampuli za nyama zilizotolewa wakati wa kipimo, kwa sababu mdaiwa akibisha kwamba haikuwa mesotelioma, sampuli hizo ndizo zitakazochunguzwa upya.