Kukosa kitabu rafuni si kusema maktaba haina

Wanafunzi wengi wakikosa kitabu rafuni huamua kuwa maktaba ya chuo haina. Mara nyingi kipo, ila namba yake ya rafuni imesomwa vibaya.

Chukua mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, ambamo Kiswahili ni 496.392. Tarakimu za baada ya nukta husomwa moja moja, kwa kuwa ni desimali, hivyo 496.392 hutangulia 496.4. Anayesoma "mia tatu tisini na mbili" atakwenda kukitafuta mbele zaidi, asikione. Mfumo wa Library of Congress (Maktaba ya Bunge la Marekani), wenye herufi na namba, unachanganya zaidi: katika PL8702 .M25, hiyo 8702 ni namba nzima, lakini .M25 ni desimali, kwa hiyo hukaa kabla ya .M3. Nakili namba yote kutoka kwenye katalogi, hadi herufi za mwisho. Kuandika nusunusu ndiko kunakopoteza watu.

Kisha angalia kinakaa wapi. Vitabu vya kiada vinavyogombewa huwekwa nyuma ya kaunta na kuazimwa kwa saa chache tu, na makusanyo maalumu, kama East Africana (machapisho kuhusu Afrika Mashariki) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yana sehemu yake.

Katalogi ikisema kimeazimwa, omba uwekewe kikirudishwa. Ikisema kipo na hukioni, pitia meza na toroli za kurudishia, kisha mwambie mkutubi akitafute. Nawe ukimaliza kusoma, kiache mezani: kitabu kilichochomekwa rafu isiyo yake kinaweza kupotea humo hadi ukaguzi ujao.