Harambee Moja Haitoshi Kuokoa Timu ya Hoki ya Chuo

Wengi wanaofuatilia michezo ya vyuo Marekani huamini kwamba timu ya hoki ya barafuni ikitishiwa kufungwa, mashabiki wakichanga fedha basi imepona. Si hivyo, na inauma kuona watu waliojitolea kwa moyo wote wakiamini hivyo.

Tazama Chuo Kikuu cha Alabama huko Huntsville. Mei 2020 uongozi ulitangaza kuifuta timu. Wahitimu na mashabiki walichanga mamia ya maelfu ya dola kwa siku chache tu, uamuzi ukabatilishwa. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2021, timu ilisimamishwa. Kwa nini? Vyuo saba vilikuwa vimejiondoa katika ligi yake, WCHA, na timu haikupata ligi nyingine ya kuipokea. Bila ligi, hata kupanga ratiba ya mechi ni kazi ngumu.

Mchango hulipia msimu. Gharama zenyewe hazikomi: ufadhili wa masomo, makocha, vifaa, kuigandisha barafu, na safari. Kwa timu ya Chuo Kikuu cha Alaska Anchorage, karibu kila safari ya ugenini ni ya ndege.

Anchorage nayo ilifutwa mwaka 2020, lakini sharti la kuirudisha lilikuwa la busara zaidi, kwa maoni yangu: mashabiki wakusanye dola milioni 3, gharama za miaka miwili. Walifikisha kiasi hicho Agosti 2021, na timu ikarudi uwanjani msimu wa 2022/23.