"Haiwezekani" ya motari si "haiwezekani" ya mantiki

Motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, wa Goma, mashariki mwa Kongo, akikuambia "haiwezekani", huenda bei uliyotaja ni ndogo, barabara imeharibika, au mvua imekaribia. Kiswahili kinabebesha neno hilo moja mizigo yote, na hapo ndipo anayeanza mantiki hupotea: hudhani jambo gumu kupita kiasi ndilo lisilowezekana kimantiki. Boti itoke Goma ifike Bukavu kwa dakika 10? Maji, uzito na nguvu za injini vinakataa. Sentensi yenyewe haijipingi popote, kwa hiyo kimantiki inawezekana.

Kisichowezekana kimantiki ni kile ambacho maelezo yake, ukiyachambua, yanazaa madai mawili: A (dai lolote lile), na si A. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika kitabu cha nne cha Metafizikia, aliweka masharti ya mgongano huo ambayo wengi huyaruka: wakati uleule, na kwa upande uleule. Tazama hii: "Sasa ni Jumapili, na sasa si Jumapili." Goma iko saa moja mbele ya Kinshasa. Jumapili ikiwa imeanza hapa, saa sita na nusu usiku, kule ni saa tano na nusu, bado Jumamosi. Taja miji, na mgongano haupo tena.

Mfano ninaoupenda ni wa kinyozi, ambao mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell aliujadili mwaka 1918. Kinyozi wa mtaa anawanyoa wanaume wote wa mtaa huo wasiojinyoa, na hao tu. Je, anajinyoa? Akijinyoa, si miongoni mwa wale anaowanyoa, basi hajinyoi. Asipojinyoa, ni miongoni mwao, basi anajinyoa. Wasomaji wajanja hutafuta mlango wa kutokea: kinyozi ni mwanamke, au anavuka mpaka kutoka Gisenyi, upande wa Rwanda, kila asubuhi na si mkaaji wa mtaa. Wako sahihi! Hoja haifanyi kazi mpaka uandike wazi kwamba ni mwanamume na ni mkaaji wa humo. Ukishaandika, kinyozi huyo hawezi kuwepo, hata umtafute wapi. Ila mantiki haikuambii ni sharti lipi ulitupe. Inakuambia tu kwamba hayakai pamoja.

Kosa la mwisho ni la lugha yetu. "Wanafunzi wote hawakufaulu, ila watano walifaulu." Je, inajipinga? Inategemea ukanushi, yaani kule kukataa, umeshika wapi. Ukishika kitenzi, maana ni kwamba hakuna hata mmoja aliyefaulu, na wale watano wanagongana nayo. Ukishika "wote", maana ni kwamba si wote waliofaulu, na watano wanakaa humo bila shida. Kabla ya kumshtaki mtu kwamba anajipinga, andika upya sentensi yake kwa "hakuna aliye-" au "si wote walio-", kisha umuulize ipi ndiyo yake.